Mpira wa Jiko la Kambini

Jua la kiangazi lilikuwa limechoma mabati ya stoo ya skauti tangu asubuhi, na ndani kulifuka joto kama la tanuri. Mahema manne yalikuwa yamekwisha kunjwa na kufungwa kamba. Sufuria zilipangwa moja ndani ya nyingine, ndoo na masanduku ya chakula yakasogezwa mlangoni. Katikati ya vitu hivyo alichutama mshonaji nguo, msaidizi wa kiongozi wa kikosi, kalamu sikioni na orodha gotini. Mama huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila kitu alikishika, akakigeuza, ndipo akakiwekea alama ya vema.

Kiongozi mwenyewe alikuwa kaka yake, dereva wa gari la mikate, mcheshi aliyependwa na watoto kama peremende. Walimwita Tayari, kwa kuwa neno hilo halikumtoka mdomoni mchana kutwa. Hema limechanika? Tayari! Mvua inakuja? Tayari! Hakujua kunung'unika, na hilo lilikuwa jema. Kwa bahati mbaya, hakujua pia kusita.

Zamu ya jiko la gesi ilipofika, mshonaji aliukunja mpira wake wa kupitishia gesi ili uingie sandukuni. Hapo akaona mstari mwembamba, urefu wa ukucha, karibu na mahali mpira unapoingia kwenye jiko. Akaukunja tena. Mstari ukafunguka kama mdomo wa samaki.

"Kaka, hebu njoo uone. Mpira huu umepasuka."

Tayari aliinama, akaupitishia kidole. "Ah, mkwaruzo tu huo."

"Mkwaruzo haufunguki ukikunjwa. Duka la vifaa liko mtaa wa pili. Nusu saa tu, nitakuwa nimerudi na mpya."

"Nusu saa! Gari linanguruma nje, watoto ishirini wanaungua na jua! Wewe dada yangu ungekuwa daktari, mtu akipiga chafya ungemlaza wodini."

Watoto waliosimama mlangoni wakaangua kicheko. Tayari alichomoka mbio hadi garini, akarudi na tepu nyeusi ya umeme, akauzungushia mpira mara tatu. "Tayari! Ni siku mbili tu. Jumapili tukirudi, nunua hata mipira kumi."

Wakati huohuo akaingia binti wa mshonaji, msichana wa miaka kumi na minne aliyekuwa mkuu wa jiko safari hiyo. "Mama, mjomba anasema tukichelewa tutakosa kivuli. Tuachie basi sanduku."

Mama alimtazama mwanawe, akamtazama kaka yake, akautazama ule mpira. Moyo wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Lakini kumbishia kaka mbele ya watoto wa kikosi chake aliona ni kumvunjia heshima. Akatoa kalamu sikioni, akaweka vema. Kisha yeye akabaki kushona nguo za wateja wake, nao wakaondoka wakiimba.

Jumamosi asubuhi upepo ulivuma kwa kishindo kambini. Wapishi walishusha pande zote za hema la jiko na kuzifunga, ili moto usizimike. Tayari alifungua mtungi wa gesi, lakini kabla ya kuwasha aliitwa kushika hema lililotaka kung'oka. Joto la safari lilikuwa limeyeyusha gundi ya tepu. Gesi ikavuja kimya kimya, ikatanda chini. Binti alipoingia kubandika chai alisikia harufu, akadhani ni ile ya kawaida ya mtungi ukifunguliwa. Akawasha kiberiti.

Hema liliruka kwa mlipuko mmoja. Tayari alikimbia, akajitosa motoni kichwa mbele, akamkumbatia mpwa wake na kumtoa. Aliuzima moto nyweleni mwa binti kwa viganja vyake mwenyewe.

Mshonaji alipofika hospitali, mwanawe alikuwa amefungwa bendeji uso mzima, ila tundu la kupumulia na jicho moja. Kaka yake alikaa ukumbini, mikono imezungushiwa bendeji hadi viwikoni, machozi yakimtiririka bila kiganja cha kuyafuta.

"Dada, nimemuua mtoto wako akiwa hai. Ni mimi."

Mama aliketi kando yake. "Wewe ulifunga tepu," alisema. "Mimi niliweka vema. Nikisema ni wewe peke yako, nitakuwa mwongo."

Binti alilala wodini miezi minane. Madaktari walimtoa ngozi mapajani, wakampachika shingoni na shavuni. Ikishika upande huu, iliharibika upande ule, wakaanza upya. Mara nne alipasuliwa, na mara nne alijifunza upya kutafuna. Mama alifunga cherehani yake, akawa mtu wa kulala kwenye kiti. Tayari vidole vilimkauka vikijikunja kama kucha za ndege, wala hakushika tena usukani. Wazazi waliwatoa watoto wao kikosini, stoo ikafungwa kwa kufuli, na lile jina la utani likafa midomoni mwa watu.

Siku waliyomruhusu kurudi nyumbani, binti aliomba kioo. Alijitazama, asitoe hata chozi.

"Mama, siku ile duka la vifaa lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi, mwanangu."

"Na ungekwenda, tungechelewa sana?"

"Nusu saa."

Binti alitaka kutikisa kichwa, shingo ikagoma. Akakirudisha kioo mikononi mwa mama yake taratibu, akageukia upande wa pili. Neno lililobaki kwa mama lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa hukumu yake yeye na kaka yake: usipoziba ufa, utajenga ukuta.