Kwa Nini Watu wa Mbangu Huzunguka Kabla ya Kusalimu

Zama hizo, nyika ya Mbangu ilipokuwa na visima vichache na jua lile lile la leo, watu wake walisifika kwa mambo mawili. Kwanza, hawakuwa na mpinzani katika kupoza maji. Kibuyu cha Mbangu kilivishwa kitambaa kilichoroweshwa, kikaning'inizwa mahali penye upepo, na hata mchana wa kiangazi uliyanywa maji yake ukadhani yamechotwa alfajiri. Pili, walijua kusalimiana. Nasema walijua, maana nyinyi wa siku hizi mnasalimiana utadhani mnakimbizwa. Mtu wa Mbangu alikuuliza habari za nyumbani, za wazee, za wagonjwa, za kisima, za mbuzi, za mbuzi wa jirani, na mwisho za mvua. Ukishamjibu yote, ikawa zamu yako kumuuliza yote upya. Kumkatiza mkubwa katikati ya salamu ilikuwa sawa na kumzaba kofi.

Watoto wachanga nao walifunikwa. Mpaka jino la kwanza litokeze, mtoto hakutolewa nje bila kuviringishwa ngozi ya mbuzi kuanzia utosini hadi kisiginoni, pamoja na uso, ili jicho la husuda lisimpate. Mtoto akifa msimu wa jua, na walikufa wengi, watu waliinamisha vichwa wakasema ngozi ilikuwa na tundu, jicho limepenya. Waliofuata wakatafutiwa ngozi nene zaidi.

Mkawasi alikuwa mmoja wa mama waliozika. Mtoto wake wa kwanza alimfia mgongoni, njiani, katika mwezi wa jua kali, na watu wakamlaumu kwamba hakumfunika sawasawa. Aliyaamini maneno hayo, akayabeba. Alipojaliwa mtoto wa pili, wa kike, akamwita Wakesho, na akampenda kwa hofu. Usiku aliamka kusikiliza kama anapumua. Ngozi ya kumfunikia aliishona mwenyewe, kwa mshono uliobana hata sisimizi asingepata pa kupita.

Sasa ikatokea siku ambayo Mkawasi alikuwa akitoka kwao kumwonyesha mtoto, anarudi kwa mumewe. Alifuatana na mama mkwe wake, Bibi Mghoi, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Walikuwa wamechelewa kuondoka, kwa sababu ya salamu za kuagana, na jua likawakuta katikati ya nyika, mahali ambapo hata mti wa kuegemea hakuna. Mtoto alikuwa mgongoni ndani ya ngozi yake, na juu ya ngozi mbeleko.

"Mvute vizuri hapo kichwani," Bibi Mghoi alisema kila baada ya hatua chache. "Naona unywele."

Mkawasi akavuta.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipomwona mtu anakuja na punda. Bibi Mghoi alimtambua kwa mbali, akaguna. Alikuwa Mzee Kubo. Katika nchi ile ya wasalimiaji, Mzee Kubo ndiye aliyekuwa bingwa. Ilisemwa kwamba wakati fulani alianza kumsalimu mtu asubuhi, mbuzi wakienda machungani, akamaliza mbuzi wakirudi. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mabega mapana, shuka jekundu begani, na ubavuni mwa punda wake vilining'inia vibuyu viwili vya maji, kila kimoja kimevaa kitambaa chake kibichi.

"Shikamoo, baba," Mkawasi alisema.

"Marahaba, binti yangu, marahaba! Habari za huko mtokako?"

Basi wakaanza. Mzee aliuliza za nyumbani, akajibiwa. Akauliza za wazee, mmoja mmoja kwa jina. Ndani ya ngozi Wakesho alikuwa akilia, kilio cha hasira, miguu inapiga mgongo wa mama yake. Desturi haikumruhusu mama kumfunua mtoto njiani, wala kumnyonyesha mbele ya mkubwa ambaye hajamaliza salamu. Mkawasi akamtikisa tikisa huku anajibu habari za wagonjwa. Mzee akaingia kwenye habari za kisima. Kilio kikapungua, kikawa mguno, kisha kikanyamaza.

"Ah!" Mzee Kubo akatabasamu. "Mtoto mwenye adabu huyu. Anajua wakubwa wanazungumza. Haya, na mbuzi je?"

"Mbuzi wa..." Mkawasi alianza, na hapo moyo wake ukashtuka.

Aliujua ukimya ule. Ndio uliomkuta mgongoni siku ile nyingine, na siku ile pia mtu fulani njiani alikuwa amemsifia mtoto kwa utulivu. Akapitisha mkono chini ya mbeleko, akaingiza vidole ndani ya ngozi, akagusa shingo ya mwanawe. Ilikuwa kavu, na ilichoma kama jiwe la jikoni.

Hakumaliza habari za mbuzi. Alikaa chini pale pale vumbini, akafungua mbeleko, akaichana ile mishono yake mizuri kwa meno, akamtoa mtoto.

"Mkawasi!" Bibi Mghoi alipiga kelele. "Unamwanika mtoto hadharani? Una wazimu?"

Mzee Kubo naye alivimba. Tangu azaliwe hakuwahi kukatizwa. "Binti," alisema, "nimefika kwenye mbuzi tu. Kwenu hamkufundishwa?"

Wakesho alikuwa mwekundu, macho nusu wazi, mdomo umekauka, kichwa kinalala popote kinapowekwa. Mkawasi akainua macho. Hakumtazama mzee usoni. Alitazama vibuyu.

"Baba," alisema, "maji yako umeyavalisha kitambaa kibichi na kuyaweka penye upepo, yasipate joto. Mjukuu wako tumemvalisha ngozi ya mbuzi. Kama ngozi inafaa, mbona hujaifunga kwenye kibuyu?"

Mzee Kubo alifungua mdomo kujibu. Akatazama kibuyu, akatazama ngozi iliyokuwa vumbini, akatazama mtoto. Yeye pia alikuwa amezika, tena si mmoja, na wote walikuwa wamefunikwa vizuri. Uso ukamsawijika. Kwa mara ya kwanza katika nyika ya Mbangu, Mzee Kubo alikosa neno la kusema.

Lakini miguu yake haikukosa la kufanya. Alimzunguka Mkawasi, akaenda kusimama upande wa jua, akavua shuka lake na kulitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Kivuli chake kirefu kikamwangukia mtoto, kikamfunika mzima bila kumgusa. "Chukua maji," alisema. "Chukua yote."

Mkawasi alivua kitambaa cha kibuyu, akakichovya, akampangusa mwanawe shingoni, makwapani, kwenye mapaja na nyayo. Kikipata joto, anakichovya tena. "Mpepee, mama," alimwambia mkwewe, na Bibi Mghoi, ambaye midomo ilikuwa inamcheza kwa woga wa jicho, alisitasita, kisha akapiga magoti na kuanza kupepea kwa ncha ya kanga yake. Alipepea huku analia. Alikuwa anamkumbuka mjukuu wa kwanza.

Walikaa hivyo. Mikono ya Mzee Kubo ilichoka na hakuishusha. Mkawasi alimpa mtoto titi, titi likateleza mdomoni. Akampangusa tena, akampa tena. Alikuwa na hofu kubwa, na hata hivyo hakutetereka, maana sasa alijua adui ni nani, na adui huyo alikuwa juu angani, anaonekana na kila mtu.

Hatimaye Wakesho akakunja uso, akavuta pumzi, akalia. Kilikuwa kilio kibaya, cha kukwaruza, na hakuna aliyewahi kufurahia kilio kiasi kile. Kisha akashika titi na hakuliachia.

"Mbuzi hawajambo, baba," Mkawasi alisema, machozi yakimtiririka.

"Waache mbuzi," alijibu Mzee Kubo. "Mtoto ana upepo?"

"Anao."

Hawakuondoka mpaka jua lilipopoa. Ngozi waliiacha njiani.

Wako waliosema mtoto huyo hatafika msimu mwingine, kwa kuwa ameshaonekana. Ila walisahau walikuwa wanashindana na nani. Mzee Kubo aliipita nchi nzima, kisima hata kisima, akimsimulia kila aliyekutana naye habari ya kibuyu na ngozi, kwa urefu wake wote, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Alipomaliza nchi, jino la Wakesho lilikuwa limetoka.

Na tangu siku hiyo, Mbangu hawamfungi mtoto ngozi. Humvika kitambaa chepesi, uso wazi, na wakati wa jua kali hukaa naye ndani mpaka lipoe. Na akutanaye njiani na mama mwenye mtoto hamsalimu kwanza, hata awe mkubwa wa namna gani. Humzunguka kimya, akasimama upande wa jua, kivuli chake kikamwangukia mtoto, ndipo akauliza: "Mtoto ana upepo?" Mama humtazama mwanawe, akamgusa shingoni, na akiweza kusema "Anao," hapo sasa waulizane habari za mbuzi mpaka wachoke.

Kwa hiyo ukipita nchi ile na mtoto wako, ukaona mtu anakuzunguka bila hata shikamoo, usikasirike ukadhani hana adabu. Anatafuta jua liko wapi.