Kobe, Fisi na Mashairi Yasiyo na Vina

Mwaka ule mvua ilisusa, mito ikakauka, likabaki dimbwi moja tu, nalo lilikuwa la Simba. Kwa majivuno yake, Simba alitaka asifiwe kuwa mlezi wa washairi. Akamweka ndege Kurumbiza aghani tungo zake kando ya maji, kisha akatoa amri: asiyeguswa na mashairi hanywi, na fungu lake apewe aliyeguswa zaidi.

Kurumbiza alitunga kwa mtindo wa kisasa, bila vina wala mizani. Kobe, aliyelelewa kwa tungo za zamani, hakuyachukia mashairi yale, ila hayakumkolea. Hata hivyo alifika kila jioni, akakaa mbele, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umejitahidi, mwanangu," basi. Kwa uzee wake Simba alimwachia funda moja tu.

Fisi aliyatamani mafungu ya wenzake. Kurumbiza akifungua mdomo tu, yeye hufumba macho, akalia na kugaragara. Tena akamnong'oneza Simba kwamba Kobe anamdharau mshairi wa mfalme. Simba akavimba, akamwambia Kobe kuwa leo asipoguswa akalambe mawe. Kobe aliogopa sana, lakini machozi ya kuigiza hakuwa nayo.

Kurumbiza akaanza. Fisi, macho kayafumba, akajibwaga chini juu ya njia ya siafu. Kurumbiza akawaona, akakatiza shairi.

"Fisi, siafu wanakupanda mkiani."

"Lo, ubeti mtamu," Fisi akalia. "Hebu rudia, malenga wetu."

"Siafu, Fisi. Wamefika mapajani."

"Unaniua kwa utamu. Endelea papo hapo."

Walioendelea ni siafu. Mara Fisi akaruka, akapiga yowe, akatimka mbio kuelekea vichakani, na wanyama wote wakacheka hadi mbavu zikawauma. Simba aliona haya, kwani machozi yale ndiyo aliyokuwa akiyatunuku maji yake. Akamgeukia Kobe kwa ukali.

"Na wewe, mzee, ulidhani ni shairi?"

"Hapana, Bwana Mkubwa. Mashairi ya Kurumbiza hayanikolei, lakini nayasikiliza. Hajapata kumtaja mtu kwa jina ndani ya shairi."

Kurumbiza akashuka tawini, akamwomba Simba ampe mzee maji, maana ndiye msikilizaji pekee aliye naye. Kobe akanywa mpaka akatosheka. Akamshukuru kijana, akaongeza kwa upole kwamba siku akipenda kutia vina, yeye hatakataa. Fisi alibaki kichakani na kiu yake, akijikuna. Njia ya mwongo ni fupi.