Hondohondo Aliyesema Nitafanya

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nani?

Pakawa ndege na nyumba isiyo na mlango.

Na mwenye usingizi je?

Ajiegemeze kwa mwenzake, asisinzie kabla mto haujajaa.

Haya. Hapo zamani za kale, zamani sana, ndege na wanyama walipokuwa bado wakisalimiana kila asubuhi, alikuwako ndege mmoja aitwaye Hondohondo. Mnamjua? Yule mwenye mdomo mkubwa kuliko haja yake. Alikuwa na mke, jina lake Mwanamize, nao walipendana hao, walipendana mpaka majirani wakachoka kuwatazama.

Sasa, mahondohondo wana mila yao. Mke akikaribia kutaga, huingia ndani ya tundu la mti. Mume huleta tope, mke akalipokea, na wote wawili wakauziba mlango, mume kwa nje na mke kwa ndani, mpaka ubaki ufa mwembamba tu wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo mke huatamia. Manyoya ya mbawa zake hunyonyoka, hata hawezi kuruka. Nyoka akija, anakuta ukuta. Nyani akija, anakuta ukuta. Chakula chote huletwa na mume. Na ukuta huo haubomolewi mpaka watoto waote mikia. Ndiyo sheria yao, na kina mama wakwe wa kihondohondo wameishika kwa makucha yote.

Nyumba ya Mwanamize ilikuwa ndani ya mvule mkubwa ulioota ukingoni mwa mto. Watoto walikuwa wameshaanguliwa, kifungua mimba na kitindamimba, uchi wote wawili, midomo wazi kutwa nzima. Kila siku Hondohondo alikwenda bondeni kwenye mkuyu, akachuma makuyu mabivu, akarudi akatua mbele ya ufa na kuimba. Nanyi niitikieni upande wa mke, msiniache peke yangu:

*Mama watoto, sogea ufani,*
*nimekuja na kuyu la bondeni.*

*Baba watoto, tia polepole,*
*wadogo wamelala kifuani.*

Naye hutia polepole, kuyu moja moja, na mke hupokea huku akimpiga kidogo mdomo kwa mdomo. Hayo ndiyo yalikuwa mabusu yao. Wewe unayecheka pale nyuma, utaolewa, utaona.

Tena Hondohondo alikuwa mcha Mungu. Kila alfajiri, kabla ya kutia kitu kinywani, alipanda tawi la juu kabisa, akainamisha mdomo, akaomba ombi lile lile. Alimwomba Mola wake amwongoze ili awalinde hawa aliopewa. Hakuomba mali wala mbawa ndefu. Aliomba uongozi tu.

Asubuhi ya kwanza ya masika, alipokwisha kuomba na kunyamaza, neno likaja. Halikuja kwa ngurumo. Lilikuja kifuani mwake kwa upole, kama mtu anayesema nawe akiwa amekaa karibu.

"Bomoa ukuta leo. Uwapandishe kilimani."

Basi. Halikuongeza, wala halikueleza kwa nini.

Hondohondo alijua limetoka wapi. Asije mtu hapa akamtetea kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri, na moyo wake ulitulia na kutetemeka kwa wakati mmoja. Akajibu kwa adabu.

"Nimesikia, Mola wangu. Sikatai. Nitafanya. Ila kwanza niwalishe."

Ila kwanza. Lishikeni neno hilo, maana mtalisikia tena.

Siku ile jua liliwaka vizuri. Mto ulikuwa chini, maji yanapita yakijisemea yenyewe. Njia ya kutoka mvuleni hadi kilimani ilikuwa kavu. Hata ndege asiye na manyoya ya mbawa angeweza kuipita kwa miguu, taratibu, mumewe akibeba mtoto mmoja mmoja. Lakini Hondohondo aliwalisha. Akaona bado wana njaa, akarudi bondeni. Akaimba, akaitikiwa. Akasikia watoto wanalia kidogo, akangoja walale. Alipokuja kuangalia, jua limeshazama. Akajiambia kesho ipo.

Siku ya pili akapanda tawini, akaomba, na neno likaja lile lile, kwa upole ule ule. Bomoa ukuta leo. Uwapandishe kilimani.

"Nimesikia, Mola wangu. Sikatai. Nitafanya. Ila kwanza nimwulize mama mkwe, asije akaniona sina adabu."

Akaruka hadi kwa mama mkwe wake, ng'ambo ya msitu. Alipofika hakuweza kusema kwamba ameambiwa katika maombi. Aliona haya. Akazungukazunguka, akauliza hali ya hewa, akauliza mguu unaomsumbua mama unaendeleaje, ndipo akasema kwamba anafikiria kubomoa ukuta mapema kidogo. Mama mkwe akamuuliza kama watoto wameota mikia. Akasema bado. Basi aliyoyasikia hapo siwezi kuyasema yote mbele ya watoto. Aliulizwa anaumwa nini. Aliulizwa kwao walimlea vipi. Akaambiwa kwamba katika ukoo huu hajawahi kuonekana mume aliyemtoa mkewe nje akiwa hana manyoya, kila mpita njia amtazame.

Hondohondo akarudi akiwa amenywea. Mbali huko juu, mto unakotoka, mawingu yalikuwa yameshuka na mvua inanyesha. Yeye hakutazama huko. Alichuma makuyu, akatua mbele ya ufa:

*Mama watoto, sogea ufani,*
*nimekuja na kuyu la bondeni.*

*Baba watoto, tia polepole,*
*wadogo wamelala kifuani.*

Mwanamize akamuuliza mbona leo sauti yake imepungua. Akamjibu kwamba ni uchovu, makuyu siku hizi yako mbali. Hakutaka kumtia hofu mwanamke aliyefungiwa gizani na watoto wawili. Alimficha kwa sababu alimpenda, na mapenzi yale yalikuwa ya kweli. Hapo ndipo hadithi hii inaponiuma.

Siku ya tatu akaamka na mvua ya rasharasha. Akapanda tawini, akaomba. Safari hii neno lilikuwa moja tu.

"Leo."

Akashuka mbio. Kweli alishuka mbio, nami namsifu kwa hilo. Akafika mbele ya ukuta, akainua mdomo ili apige. Mara akaona unyevu umeulegeza ukuta, pembeni pamekatika. Akawaza: kazi ya kubomoa ni ya siku nzima, je, nikifika katikati giza likaingia? Walale nyumba iko nusu wazi, nyoka apite? Hapana. Nitabomoa kesho asubuhi na mapema, nipate siku nzima mbele yangu. Ila kwanza niuzibe hapa palipokatika, walale salama.

Mmesikia? Aliambiwa abomoe, yeye akaenda kutafuta tope la kuzibia.

Akalitafuta tope zuri. Akashuka chini ya mvule, na hapo shinani, upande wa kilima, akakuta ardhi imepasuka ufa mrefu, mpana wa kutosha kuingiza mdomo wote. Ndani ya ufa ule udongo ulikuwa laini, umelowa vizuri, unanata. Hakuwahi kuona tope zuri namna ile. Akashukuru. Wallahi, alishukuru. Akalichota kwa mdomo, akapanda, akapaka. Akashuka, akachota, akapanda, akapaka. Kutwa nzima alipaka, na upendo wake wote aliutia katika ukuta ule mpaka ukawa mnene kuliko siku walipoujenga.

Kima, jirani yao, akapita akiwa na mwanawe mgongoni. Akausifu ukuta. Kisha akainamisha kichwa upande, akauliza mbona leo mti umeinama kidogo kuelekea mtoni. Hondohondo akamjibu bila kugeuka kwamba mti huu umeinama tangu zamani.

Siku ya nne mvua ilikatika na jua likatoka, ukuta ukakauka ukawa kama jiwe. Hondohondo akapanda tawini, akaomba, akanyamaza kungoja.

Neno halikuja.

Alingoja tena. Kimya. Kifuani mwake hapakuwa na kitu ila moyo wake mwenyewe ukipiga. Na mnajua alifanya nini? Alifarijika. Akajiambia pengine amri imefutwa, pengine Mola ameona ukuta mpya akaridhika. Akaruka kwenda bondeni akiwa mwepesi.

Alikuwa na kuyu mdomoni aliposikia mto. Ile mvua ya siku zile huko juu ilikuwa imefika sasa, yote kwa pamoja. Maji yalikuja mekundu, yamebeba magogo na mazizi ya watu. Hondohondo akalitupa kuyu, akaruka kama hajawahi kuruka. Akaukuta mvule umeinama kweli, mizizi ya upande wa kilima imening'inia hewani, na ule ufa wa tope zuri umekuwa mfereji wa maji.

Akaupiga ukuta. Ukuta ukamrudishia mdomo. Akapiga tena. Akapiga tena. Tope lile lililonata, lile aliloshukuru, halikutoa hata punje. Kutoka ndani Mwanamize akauliza kuna nini, mbona nyumba inalala. Akamwambia apige kwa ndani, apige kwa nguvu zake zote, naye akapiga mara hiyo hiyo bila kuuliza neno la pili.

Kima alikuwa anakimbilia kilimani. Akawasikia. Akamweka mwanawe juu ya jiwe, akamwambia kaa hapo usisogee, akarudi, akapanda, akauparua ukuta kwa mikono miwili mpaka kucha zikatoka damu. Pande moja likaanguka. Likaanguka la pili. Mwanamize akatokeza, mbawa tupu, na kifungua mimba mdomoni. Kima akamkumbatia yeye na mtoto wake, akaruka nao hadi kilimani, mti ukiwa tayari unalia kwenye mizizi.

Hondohondo akatia kichwa ndani kumchukua kitindamimba.

Mtoto alikuwa nyuma kabisa, kwenye kona, amelala katikati ya manyoya ya mama yake. Kusikia mdomo wa baba akaamka, akainua shingo, akafungua kinywa. Alidhani ameletewa kuyu.

Hapo mvule ukaanguka.

Mto haukurudi nyuma kutazama. Hondohondo alitupwa hewani, akaruka juu ya maji akifuata mkondo mpaka chini kabisa, akaita, akarudi juu, akaita tena. Jioni ilipokaribia akaenda kilimani. Kima alikuwa amemkumbatia mwanawe. Mwanamize alikuwa amekaa chini ya jiwe, kifungua mimba amemfunika kwa shingo yake, maana hakuwa na mbawa za kumfunika.

Walikaa hivyo. Kisha Mwanamize akauliza, na hakuuliza kwa ukali.

"Baba watoto, uliambiwa lini?"

Alimjua mumewe. Alijua anavyoomba. Hondohondo angeweza kusema ameambiwa leo, nani angejua? Lakini alikuwa amechoka kusogeza mambo mbele.

"Siku ya kwanza ya masika. Na ya pili. Na ya tatu."

Mwanamize akautazama mto.

"Ungeniambia," akasema. "Ningebomoa mimi, kwa ndani."

Akamsogeza kifungua mimba karibu zaidi na kifua chake.

Kabla usiku haujaingia, mvua ikaanza tena, manyunyu baridi. Hondohondo aliinamisha kichwa. Hakuthubutu kuomba uongozi. Aliona haya, aliona hastahili kuambiwa neno lolote tena maisha yake yote. Alilia tu, bila maneno.

Na hapo, kifuani mwake, kwa upole ule ule wa siku ya kwanza, neno likaja.

"Mfunike."

Hakujibu kwamba amesikia. Hakusema nitafanya. Alikuwa ameshainuka, ameshafika, ameshakunjua mbawa zote mbili juu ya mkewe na mtoto aliyebaki. Mwanamize hakumsukuma. Baada ya kitambo akaegemeza kichwa chake kwenye ubavu wa mumewe, naye akalia. Mvua ikanyesha juu ya mgongo wa Hondohondo mpaka kulipokucha, na yeye hakusogea.

Mafunzo yake ni haya, wanangu. Hondohondo hakumkatalia Mola wake hata siku moja, na mwanawe alikufa vilevile. Ukiongozwa, siku ya kuongozwa ndiyo siku ya kwenda. Ukiwa umechelewa, usikae mbali kwa aibu. Sauti ile haina kinyongo, nayo itakuita tena. Ila ikikuita, inuka.

Hadithi yangu nimeifikisha kilimani, sina pa kuipeleka zaidi. Yaliyowafaa bebeni mwende nayo makwenu, yasiyowafaa niachieni hapa hapa nilipokaa.