Lita Moja ya Wilna

Kule milimani Haiti msimuliaji huomba ruhusa kwa kusema "Krik," na wasikilizaji wakiwa tayari humjibu "Krak." Sisi nasi tuna yetu. Leo sisemi hata moja, maana hadithi hii imenikaa vibaya rohoni na nataka kuitua. Sikilizeni tu, kisha mnisaidie.

Walikuwa watu watatu. Tumsifu alikuwa na kipimo. Bibi Idalia alikuwa na sukari. Josafa alikuwa na miguu.

Tumsifu alikuwa muuguzi kutoka Machame, aliyejitolea mwaka mmoja katika misheni ya kijiji cha Mon Rozo. Msidhani kazi yake ilikuwa mambo makubwa. Alifagia zahanati, akapima watoto kwa mizani ya kuning'iniza, akajaza kadi, na Jumapili aliimba kwaya kwa Kikreole cha kubahatisha hadi wenzake wakashindwa kuimba kwa kicheko. Walimwita Mis, kama wanavyowaita wauguzi wote kule.

Kisha kikaja kimbunga. Mlima ukaporomoka, ukafukia barabara na chemchemi. Watu wakanywa maji ya mto, na baada ya siku nne kijiji kizima kilikuwa kinaharisha. Pakiti za dawa zikaisha. Watoto watano wakafa katika wiki moja, na Tumsifu alikuwa anawajua wote kwa kilo zao.

Asubuhi moja aliletwa Rosmen, mjane, pamoja na bintiye Wilna wa miaka miwili. Wote wawili walikuwa hoi. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na alipolia hapakuwa na machozi.

"Nataka lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi," alisema Tumsifu. "Chumvi ninayo. Vingine sina."

Josafa, mkulima wa kijijini, alikuwa mlangoni. "Maji yapo ng'ambo ya mlima, Mis."

"Njia imeporomoka, kaka."

"Nimekwambia maji yalipo. Habari ya njia sijakuuliza."

Akachukua dumu, akaenda. Wakati wa kurudi udongo ulimteleza, jiwe likamponda mguu na dumu likapasuka. Alijikokota saa mbili huku ameziba ufa kwa kiganja. Adhuhuri alifika na lita moja, haikuzidi. Mguu ule haujalima tena hadi leo.

Bibi Idalia alikuwa amefiwa na mjukuu wake wa pekee katika kimbunga kile. Jioni hiyo ilikuwa sala ya mwisho ya matanga, na alikuwa ameficha kipande cha sukari guru kwa ajili ya kahawa ya waombolezaji. Kule, kama kwetu, watu hawasahau walichonyweshwa msibani. Habari zilipomfikia alikuja nacho zahanati, akakitoa kwenye kitambaa, akakikwangua kwa kisu.

"Bibi, na wageni wako?" Tumsifu aliuliza.

"Msiba wangu utakunywa kahawa chungu, mwanangu. Chukua."

Tumsifu alikuta kuni zote zimelowa. Akavunja benchi la zahanati, akachemsha maji, akapoza, akapima. Ndipo akasimama na chupa mkononi, akiwatazama wagonjwa wawili. Lita ile ingetosha mmoja. Wakigawana, huenda angewakosa wote.

"Mpe huyo," alisema Rosmen.

"Na wewe pia nitakupa, dada."

"Hesabu tena, Mis."

Tumsifu alikuwa ameshahesabu. Akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, tangu alasiri hadi jua linazama, na kila kijiko alikitia huku mama mtu anatazama. Jioni Wilna akalia, machozi yakamtoka. Tumsifu naye akalia.

Rosmen aliwatazama wale watatu waliokuwa kando ya kitanda chake. "Aliyemponya mwanangu ndiye amlee," akasema. Hakutaja jina. Labda alidhani anajulikana. Vijana walipofika alfajiri na maji mengine kutoka ng'ambo, alikuwa ameshakata roho.

Walipomaliza kumzika, kijiji kilikutana kanisani. Ndugu wa Rosmen hawakuwapo; mlima uliwafukia wote.

Josafa akasema, "Bila maji, sukari ni ya kulamba tu. Nilitoa mguu wangu. Nipeni mtoto." Mtu akamuuliza atamlisha nini na hawezi kushika jembe.

Bibi Idalia akasema, "Nimemalizia matanga ya mjukuu wangu kwa aibu ili huyu aishi. Nipeni." Wakamuuliza ana miaka mingapi. "Sabini na minne," akajibu.

Tumsifu hakutaka kusimama, ila walimsimamisha. "Bila kipimo, mngemuua kwa chumvi," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyekishika kijiko. Nilimwacha mama yake afe mbele ya macho yangu. Nisipomlea, nitarudi kwetu na nini?" Wakamkumbusha kwamba mwaka wake umekwisha, na kwamba barabara ikifunguliwa gari la misheni litamchukua. Mtoto atavukaje bahari, aende mahali ambapo hakuna ajuaye kaburi la mama yake liko wapi?

Wapo waliosema mwenye haki ni Rosmen, aliyetoa lita nzima. Kweli kabisa, ila marehemu halei.

Basi wakamweka Wilna chini, katikati ya kanisa, wakasema achague mwenyewe. Josafa akamnyooshea mikono. Bibi Idalia akamwita. Tumsifu akamwonyesha kile kijiko. Mtoto akawatazama wote watatu, kisha akageuka, akaenda kukaa mlangoni kumngoja mama yake.

Bado amekaa pale, na mimi sijui nimfanyeje. Wewe unayenisikiliza, nenda kamwinue. Unampeleka kwa nani?