Mchezaji Aliyefunikwa Shuka

Hapo zamani, katika mji wa Mtungani, alikuwako Sultani jina lake Badiri, mwenye timu ya mpira aliyoipenda kuliko wakeze wanne, na wakeze walilijua hilo. Kila msimu alisajili washambuliaji kutoka nchi za mbali, wala hakumwona hata mmoja akicheza kabla ya kumnunua. Alisikia sifa kwa madalali, basi zikamtosha. Na desturi ya mji ilikuwa hii: mchezaji mpya huletwa barazani amefunikwa shuka gubigubi, ili wapelelezi wa miji jirani wasimwone, wala hafunuliwi mpaka Sultani apige muhuri na kumvika joho.

Ikawa washambuliaji wametimia tisa, na kipa ameuzwa ili apatikane huyo wa tisa. Wakacheza fainali na wachoma chokaa wa ng'ambo ya mto, watu wa miguu mitupu, wakafungwa manne. Mji mzima ukainamisha vichwa, isipokuwa Athmani Kiraka, mfyeka nyasi za uwanja, fukara asiye na kanzu ya pili. Yeye alicheka mpaka akakaa chini.

Basi akakamatwa, akaletwa barazani.

"Ewe Kiraka, wanicheka mimi?"

"Hasha, Maulana. Naucheka usajili wako."

Sultani akafura. "Kumbe wajua kusajili! Taibu. Ijumaa niletee mchezaji asiyechoka, asiyeumia, asiyedai mshahara, na ambaye wachoma chokaa walimshindwa. Usipomleta, utauhama mji huu na mkeo na kuku wako, wala hutarudi."

Mkewe aliposikia akalia sana, kwani wazazi wake wamezikwa pale. Kiraka naye akaogopa, asifiche hofu yake. Kisha akachukua sepetu, akaenda uwanjani.

Ijumaa ikawadia. Wakaingia wapagazi wanne na machela, na juu yake kitu kirefu kimefunikwa shuka.

"Mbona hasemi?" akauliza Sultani.

"Hana maneno, Maulana. Uwanjani husimama mahali pake, na mtu hamwondoi."

"Wachoma chokaa wanamjua?"

"Walimpiga mara tatu siku ya fainali, na mara zote tatu mpira ukarudi."

Macho ya Sultani yakang'aa. "Na jirani yetu, Sultani wa Mkwajuni, je, amemtaka?"

"Sijui, Maulana. Ila juzi wajumbe wake walipita uwanjani, wakasimama mbele yake wakamtazama."

"Wasituwahi!" akapiga kelele Sultani. "Leteni muhuri! Leteni joho! Mpeni Kiraka mfuko wa dhahabu!"

Muhuri ukapigwa, joho likatandazwa, shuka likavutwa. Lo! Ulikuwa mlingoti wa goli la Sultani mwenyewe, shina lake lingali na udongo mbichi.

"Mwongo mkubwa! Umeniuzia mti wangu!"

"Neno gani la uongo, Maulana? Hachoki, haumii, hadai kitu. Asingalikuwapo yeye, tungalifungwa saba."

"Mbona hukuniambia nimtazame kwanza?"

"Wale tisa, Maulana, ulimtazama yupi?"

Mawaziri wakaanza kuchunguza kucha zao. Huko nje ngoma zilikwisha kuanza, na watu wakiimba, "Amekuja! Amekuja!" wala hakuna aliyejua ni nani aliyekuja. Sultani akajishika uso kwa aibu.

"Kiraka," akasema kwa sauti ya chini, "kaa mjini na mkeo, na dhahabu ni yako. Kipa nitamrudisha, hata waliomnunua wakitaka ngamia wangu wote. Lakini watu wale nitawaambia nini?"

"Waambie kweli, Maulana. Kati ya wote uliowanunua, huyu ndiye wa kwanza waliyemwona kwa macho yao akituokoa."

Basi Sultani akatoka nje, akawaambia kweli yote, na mlingoti ukaletwa mbele yao ukiwa na joho lake.

Nao wakashangilia vile vile.