Neno la Mwisho la Maganga

Sogeeni, na anayesinzia aamke, maana mwisho wa hadithi hii nitauacha mikononi mwenu.

Katika kijiji kimoja cha Unyamwezini walikuwapo watu watatu. Nshoma alijua kupika nsansa, yale majani makavu ya kunde, kwa karanga, mpaka jirani aliyeshiba ananawa tena. Mwinyimvua, Mzaramo aliyelowea huko, alikuwa mtani wa kijiji kizima. Katika kila msiba aliiga mwendo na sauti ya marehemu hadi wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Na Bibi Kashindye, mkunga, ndiye aliyewapokea duniani karibu wote. Yeye ndiye aliyemnong'oneza kila mtoto jina lake, kabla hata mama hajalisikia.

Ukaja ugonjwa. Watu wakafa haraka, wakazikwa haraka, bila matanga wala utani, kwa hofu ya kuambukizwa. Siku ya tatu maiti wakainuka. Wakazurura mashambani kama misukule, wakimng'ata kila waliyemshika, na aliyeng'atwa akawa mwenzao. Panga halikuwaangusha, moto haukuwazuia.

"Tumekosea wenyewe," alisema Mwinyimvua. "Hawa hawakutaniwa. Mtu asiyetaniwa atajuaje kwamba amekufa?"

Basi asubuhi moja Nshoma akainjika chungu kikubwa uwanjani. Harufu ikawafikia, wakaacha kuwinda watu, wakaja kimya kuelekea chunguni.

Mwinyimvua akawatokea mbele, akawaiga mmoja mmoja. "Ewe Mnyamwezi! Mzigo umeshatuliwa, mbona bado unatembea?" Aliyejiona katika mwigo ule akasimama, midomo ikamcheza.

Hapo Bibi Kashindye akamkaribia, akamnong'oneza jina lake kama siku ile ya kwanza. Maiti akapata fahamu. Lakini pumzi yake ilitosha neno moja tu, la kunong'ona, katika sikio moja. Alipokwisha kulisema akalala, wala hakuinuka tena.

Hivyo ndivyo kijiji kilivyopona. Ilipofika adhuhuri alibaki mmoja tu, Maganga.

Maganga alikuwa mume wa Nshoma. "Asubuhi ya siku aliyokufa alitoka tumenuniana," Nshoma akalia. "Sikumwambia hata kwaheri. Niacheni nijue kama alinisamehe."

Alikuwa pia mwana wa pekee wa Bibi Kashindye. "Alipokuwa anakata roho nilikuwa kijiji cha pili, nazalisha mke wa mtu," akasema bibi. "Wanasema aliniita sana. Mwanangu alitaka kuniambia nini?"

Na Mwinyimvua? Yeye na Maganga walikuwa chanda na pete. Safari hii hakufanya mzaha. "Tuliahidiana, atakayetangulia atataniwa na mwenzake kaburini. Mimi nilikimbia. Tangu siku hiyo namkumbuka mpaka chakula hakipiti."

Bila chungu Maganga asingekuja. Bila utani asingesimama. Bila jina asingefungua kinywa. Na sasa amekifungua, pumzi imeshampanda kooni, wote watatu wameinama wanatazamana, na hakuna mwenye moyo wa kumsukuma mwenzake.

Mimi nilimzika mume wangu bila kusikia neno lake la mwisho, ndiyo maana kila nikifika hapa hadithi hunishinda. Semeni nyinyi, upesi, kabla pumzi haijamkatika: je, sikio liwe la nani?