Shakwe Waliojificha Wasihesabiwe

Wewe unayebinua mdomo, unabisha nini na hukuwepo? Nasema kaa alihesabu ndege. Ukitaka kubisha, kabishane na kaa.

Hapo zamani za kale, bibi yangu hajaota hata jino, koo mbili za shakwe zilikaa ufukwe mmoja: Macho-Meupe na Miguu-Myekundu. Binadamu waliwalia mayai yao mpaka kila ukoo ukabaki na wachache wa kuokoteza. Shakwe wakakubaliana ufukwe wapewe waliopungua zaidi, wazae waongezeke. Ugomvi ukaanzia hapo.

"Sisi ndio tumekwisha!" alilia Mzee Faki wa Macho-Meupe.

"Nyinyi? Kwaa!" alicheka Mzee Vuai wa Miguu-Myekundu. "Macho kama yamepakwa chokaa, mmoja wenu anaonekana kumi!"

"Na wewe je, miguu kama umekanyaga mchuzi?"

Bi Mize, kaa wa mchangani, aliwasikia kutoka shimoni mwake. Watoto wake arobaini walikuwa majini, wapande nchi kavu kesho yake asubuhi. Wa mwaka uliopita waliliwa wote, na waliowala ni shakwe hao hao.

Akatoka upande upande, chwa-chwa-chwa.

"Shikamooni, wazee wangu. Nihesabu mimi. Macho yangu yako juu ya vijiti, hayapitwi na kitu. Kesho asubuhi nitahesabu walioko ufukweni tu. Nisiyemwona, hamo."

Mzee Faki akakohoa. Mzee Vuai akatazama pembeni. Kila mmoja akaenda kunong'ona na watu wake.

Kulipokucha, ufukwe mtupu! Macho-Meupe wamejifungia majumbani, vifaranga na vikongwe. Miguu-Myekundu vivyo hivyo. Wazee wenyewe walikaa pamoja kwa Mzee Faki, wakilindana wasidanganyane.

Huko nje watoto arobaini walipanda mchanga, chwa-chwa-chwa, wakazama kwenye mashimo marefu kuliko mdomo wa shakwe yeyote. Bi Mize akamsubiri wa mwisho aingie, ndipo akaenda kupiga hodi kwa Mzee Faki.

"Ehe, mama! Macho-Meupe wangapi?" aliuliza Mzee Faki.

"Hakuna."

"Miguu-Myekundu?" aliuliza Mzee Vuai.

"Hakuna vilevile."

"Sasa ufukwe wa nani?"

"Wangu na wanangu. Ndio niliowaona."

"We mwanamke!" alifoka Mzee Vuai. "Umetuchezea!"

"Mmejichezea wenyewe, baba. Wawili wakishindana kupungua, nafasi anaipata wa tatu."

Akatoka upande upande, akaufunga mlango. Paa!